Kiingilio na Kiandikwe Mlangoni

Miongoni mwa mambo yanayoharibu shughuli njema, ubishi wa mlangoni ndio mwepesi wa kuanza na mzito wa kumaliza. Mtu amevaa nguo zake safi, amekuja na jamaa zake, anausikia muziki ukilia ndani, kisha anaambiwa kwamba karatasi aliyo nayo siyo, au fedha alizoleta hazitoshi, au zile alizokwisha kuzitoa zilikuwa za jambo jingine. Hagombi kwa sababu ya shilingi mbili tatu. Anagomba kwa kuwa ameaibishwa mbele ya watoto wake. Hayo tumeyaona katika kumbi zetu wenyewe, na wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa. Leo twapenda kusimulia yaliyotokea mbali na hapa, katika visiwa vya Hawaii, kwa sababu visiwa vile vimefanana na vyetu kwa mengi, na kosa la mwenzio hutazamika bila hasira.

Mwaka jana tulialikwa kuhudhuria mkutano wa siku tatu wa wapigaji na wapenzi wa gitaa la chuma, uliofanyika katika hoteli moja ya pwani visiwani humo. Hatutautaja mkutano wenyewe, wala hoteli, wala wakuu wake. Walioutayarisha walikuwa watu wema waliofanya kazi usiku na mchana bila mshahara, na hatuoni faida ya kuwatangazia aibu ya siku moja. Yafaa pia tukiri mapema kwamba sisi tulikuwa wageni waalikwa. Tulivikwa beji shingoni, na hatukulipa hata senti moja. Msomaji ajue tulikuwa upande gani wa meza.

Asiyelijua gitaa hilo asidhani kwamba limeundwa kwa chuma. Mara nyingi mwili wake ni wa mti kama magitaa mengine. Chuma ni kile kipande kizito, laini, cha urefu wa kidole hivi, ambacho mpigaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Gitaa hulazwa mapajani, uso juu, na nyuzi zake huinuliwa ili zisiguse ubao. Sauti itokayo hairuki kutoka daraja moja hadi jingine, bali huteleza katikati yake kama mtu aimbaye, au kama fidla ya taarabu inapomjibu mwimbaji.

Sifa ya kulianzisha hupewa Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 na ambaye kwao ni kijiji cha Laie, katika kisiwa cha Oahu. Mnamo mwaka 1889, akiwa mwanafunzi wa shule ya wavulana ya Kamehameha mjini Honolulu, alianza kuzichezea nyuzi za gitaa kwa kipande cha chuma. Wapo wasemao kwamba alikiokota kando ya reli. Wengine hutaja kitana, na wengine kisu cha mfukoni. Tunawaachia Wahawaii wenyewe wabishane. Lililo thabiti ni kwamba kijana yule hakuishia kwenye mchezo. Alijitengenezea chuma chake, akafanya mazoezi kwa miaka, na mwaka 1904 akaondoka visiwani kwenda Marekani bara kupiga na kufundisha. Baadaye alizunguka hata Ulaya. Alifariki katika jimbo la New Jersey mwaka 1932. Tunaomba habari hiyo ya New Jersey iwekwe akiba, kwa kuwa tutairudia.

Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, ambapo banda la Hawaii lilivuta watu wengi mno, muziki wa visiwa vile uliingia katika nyumba za Wamarekani kwa sahani za santuri. Katika miaka ya 1930 gitaa la chuma likawa la kwanza katika jamii ya magitaa kutiwa umeme na kuuzwa madukani. Tangu mwaka 1935 hadi 1975 kipindi cha redio kiitwacho Hawaii Calls, kilichoanzia katika hoteli ya Moana ufukweni Waikiki, kiliisambaza sauti hiyo ng'ambo ya bahari. Waimbaji wa mashambani wa Marekani wakaifanya yao. Huko Nigeria, King Sunny Adé akaitia katika juju, na katika miaka ya 1980 dunia nzima ikamsikia.

Hata sisi hatukukosa fungu letu. Katika miaka ya 1940 Tau Moe na familia yake, waliokuwa wakizunguka dunia na muziki wa Hawaii, walikaa Calcutta wakipiga na kufundisha, na Wahindi wakalipokea gitaa lile kwa mikono miwili hadi likaingia katika nyimbo za filamu zao. Wazee wetu waliokuwa wakipanga foleni nje ya sinema za Mjini Unguja waliisikia sauti hiyo bila kujua kwamba imetoka kisiwani kama kwao.

Nyumbani kwake, hata hivyo, gitaa hilo lilikuja kudhoofika. Kufikia miaka ya 1970 vijana waliokuwa wakijifunza walikuwa wachache, na wengi waliliona kuwa ni pambo la kuwapumbazia watalii. Mwalimu aliyefanya kazi kubwa ya kulirudisha mikononi mwa vijana wa visiwani hakuwa Mhawaii. Alikuwa Jerry Byrd, mzaliwa wa Ohio, aliyehamia Honolulu mwaka 1972 na kufundisha huko kwa miaka mingi. Mmoja wa wanafunzi wake, Alan Akaka, naye amekuwa mwalimu wa wengine. Wakati huo huo vyama vya wapenzi wa gitaa hili vilistawi Marekani bara, Japani na Ulaya, na vyama hivyo ndivyo vilivyozoesha watu desturi ya mikutano: kujiandikisha kwa posta, kulipa ada mapema, kukaa hotelini siku tatu nne, kula pamoja usiku wa mwisho. Ni desturi njema. Lakini ni desturi ya mtu anayesafiri kutoka mbali na kupanga mambo yake miezi sita kabla. Mwenyeji wa kisiwani hakuzoea kujiandikisha kwa posta ili akasikilize muziki wa babu yake.

Mkutano wa namna hii si kama dansi au taarabu, ambapo wachache hupiga na wengi hutazama. Karibu kila aliyekuja ni mpigaji. Kila mmoja hupewa muda wake jukwaani, nusu saa hivi, na apigaye asubuhi ndiye aketiye mchana kumsikiliza mwenziwe. Kwa hiyo, na jambo hili liliwashangaza wengi mlangoni, mpigaji naye hulipa. Haji kuchukua ujira. Huja kununua nusu saa ya kusikilizwa na watu wanaojua anachokifanya, na wengi wao huona kwamba wameipata kwa bei nafuu.

Sasa tuje kwenye fedha. Tangazo lililobandikwa mjini na kutumwa kwa barua lilikuwa na picha nzuri ya mnazi na maneno yasemayo kwamba watu wote wanakaribishwa. Bei haikutajwa. Barua waliyotumiwa wanachama ilitaja ada ya mwaka ya uanachama. Karatasi nyingine, iliyofuata baadaye, ilitaja ada ya usajili wa mkutano, dola 60. Kwa asiyejisajili palikuwa na kiingilio cha siku moja, dola 20 kwa mgeni na 10 kwa mwenyeji, lakini bei hizo zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu nyuma ya kijitabu kilichokuwa juu ya meza, na aliyekaa mbele ya meza hakuweza kuziona. Karamu ya usiku wa mwisho ilikuwa na tiketi yake peke yake. Kuhusu watoto, hapakuwa na neno popote.

Siku ya Jumamosi, saa nane na nusu mchana, alikuja mzee mmoja amebeba gitaa lake limefungwa katika kitambaa cha maua. Alifuatana na binti yake na wajukuu wawili. Alizaliwa katika kisiwa kile kile, nasi tulielezwa baadaye kwamba shule aliyosoma haikuwa mbali na hoteli ile. Alipokuwa kijana alikwenda kutafuta kazi Marekani bara, akaoa, akazeeka huko Nevada. Jina lake lilikuwa katika ratiba: saa tisa kamili alasiri. Mkononi alikuwa na ile barua ya uanachama pamoja na stakabadhi ya ada aliyoilipa, naye aliamini, kama mtu yeyote angeliamini, kwamba amekwisha kulipa.

Mezani palikuwa na vijana watatu wa kujitolea. Katika visiwa vile kila mzee huitwa mjomba na kila mama mtu mzima huitwa shangazi, hata na asiye ndugu, kama tufanyavyo sisi. Binti aliyekaa mwanzo alimsalimia kwa heshima hiyo. "Karibu sana, Mjomba," alimwambia, kisha akalitafuta jina lake katika orodha ya waliosajiliwa, asilione. Akamweleza kwamba ada ya uanachama ni mbali na ada ya mkutano ni mbali. Akapiga hesabu: usajili dola 60, binti yako 20, wajukuu 20 kila mmoja, jumla 120. Kijana wa pili akasema kwamba watoto ni nusu, kwa hiyo ni 100. Wa tatu akaona kwamba kwa kuwa zimebaki siku moja na nusu tu, mzee na akate tiketi ya siku, na watoto waingie bure, nayo itakuwa 40. Katika dakika tano mlango mmoja ulitaja bei tatu, na kila aliyeitaja aliitaja kwa adabu.

Hapo binti wa mzee akauliza ile bei ya wenyeji ni ipi, maana amewasikia walio mbele yao wakiitiwa. Akajibiwa kwamba ni dola 10, kwa mwenye kitambulisho cha jimbo la Hawaii. Mzee akatoa leseni yake ya gari. Ilikuwa ya Nevada.

Sisi wakati huo tulikuwa ndani, tumeketi vizuri, tunangoja. Saa tisa ikafika. Mwita majina akalitaja jina la mzee kwenye kipaza sauti. Kiti cha mpigaji kikabaki kitupu. Akaliita mara ya pili, akatazama saa yake, akasema kwamba huenda bwana huyo hakufika, akamwita anayefuata, mpigaji aliyetoka Japani. Sauti ya kipaza sauti ilisikika mpaka mezani. Mzee alisikia akiitwa, na akasikia ikitangazwa kwamba hakufika, ilhali amesimama hatua ishirini kutoka jukwaani. Hakusema neno. Alilifunga tena gitaa lake katika kile kitambaa, akawashika wajukuu mikono, akatoka. Tulipokuja nje kuulizia, tuliona foleni ya watu zaidi ya thelathini, na vijana watatu wa mezani wakilaumiana kwa sauti ya chini. Yule binti alikuwa akilia.

Haki yataka tuwasikilize walioandaa. Mhazini wa mkutano, ambaye tulizungumza naye jioni hiyo akiwa hajala tangu asubuhi, alitufungulia daftari zake, na twakiri kwamba tulitoka na mawazo tofauti na tuliyoingia nayo. Hoteli haikukodisha ukumbi kwa bei moja iliyokatwa. Hoteli husema hivi: wageni wenu wakichukua vyumba kadhaa, na wakila sahani kadhaa za chakula, ukumbi tutawapa kwa bei nafuu, wasipofikia idadi hiyo, mtatulipa upungufu. Idadi ya sahani lazima itajwe siku nyingi kabla. Kwa hiyo mwandaaji ameweka ahadi ya fedha asizo nazo juu ya watu ambao hawajafika. Ongeza mafundi wa sauti, bima, na uchapaji wa ratiba. Ada ya uanachama haigusi hata kimoja katika hivyo, kwani hulipia jarida na stempu za mwaka mzima. Ada ya usajili hulipia ukumbi. Tiketi ya karamu hulipia chakula. Kiingilio cha siku huziba nyufa. Kwa mhazini mambo hayo manne yalikuwa mepesi kama vidole vyake, naye hakudhani kamwe kwamba mtu aliye nje ya daftari huona kitu kimoja tu: fedha aliyokwisha kuitoa.

Fauka ya hayo, kulikuwa na suala la idadi. Idara ya zimamoto huwekea kila ukumbi kikomo cha watu, na mwenye ukumbi akikipita hujitia matatani. Basi meza ya mlangoni haikuwepo kwa ajili ya fedha tu. Ilikuwepo pia kuhesabu vichwa. Mtu akiambiwa hivyo huelewa. Hakuna aliyeambiwa.

Kuna jambo moja ambalo mhazini hakuweza kutujibu, wala hatumlaumu, kwa sababu ni kubwa kuliko daftari lake. Ni swali la nani mwenyeji. Wahawaii wana neno, kamaʻāina, ambalo kwa asili yake ni mtoto wa ardhi. Siku hizi katika biashara limekuwa na maana ya mkazi mwenye kitambulisho cha jimbo, na kwa neno hilo watu hupunguziwa bei katika hoteli, mikahawa na viwanja. Kwa sababu ya ughali wa maisha wenyeji wa asili wamekuwa wakihama kwa maelfu. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wahawaii wa asili katika Marekani wanaishi nje ya Hawaii. Las Vegas, katika jimbo lile la Nevada, pana Wahawaii wengi hata wao wenyewe wamepaita kisiwa cha tisa, kwa kuwa visiwa vyao vikubwa ni vinane. Kwa kanuni ya kitambulisho, mtu aliyehamia Honolulu juzi kutoka bara ni mtoto wa ardhi, na mzee aliyezaliwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hotelini ni mgeni. Kekuku mwenyewe, lau angelifufuka na kuja mlangoni na karatasi zake za New Jersey, angelitozwa dola 20, na gitaa aliloliasisi likilia ndani.

Hatusemi kwamba kutofautisha bei ni kosa. Serikali za Hawaii zinafanya hivyo waziwazi. Katika ghuba ya Hanauma, ambayo watu huenda kutazama samaki wa matumbawe, mgeni hulipa dola 25 na mkazi huonyesha kitambulisho akaingia bure. Katika mlima wa Diamond Head, tangu Mei 2022, mgeni hana budi kuagiza nafasi yake mapema na kulipa dola 5, na mkazi haagizi wala halipi. Wageni hunung'unika, kama ilivyo ada ya wageni. Lakini tulipopita huko hatukuona ugomvi, maana bei imetangazwa kabla mtu hajaondoka chumbani kwake. Dola 25 zilizotangazwa zilipita kimya. Dola 10 zilizofichwa nyuma ya kijitabu zilimliza binti wa watu.

Msomaji wa Unguja na Pemba atakuwa amekwisha kuanza kuhesabu mifano ya kwake. Nasi tuna Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, nacho ni kitu cha maana, lakini neno mkaazi lina mpaka wake. Ndugu zetu wangapi wako Maskati, wangapi London, wangapi wamezaliwa Makunduchi au Wete na leo wana hati za kusafiria za nchi nyingine? Wakirudi kutazama ngoma ya kwao, meza huwaita wageni, na pengine ni wao waliofundisha ngoma ile. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kufanywa katika Ngome Kongwe, limekuwa likiwatoza wenyeji kidogo kuliko wageni wa nje, na hilo twalisifu. Lakini msomaji akumbuke pia kwamba mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha. Basi asiye radhi kulipa chochote asitarajie kusikia chochote. Muziki una gharama, na hata babu zetu walijua hivyo. Katika taarabu tulizolelewa nazo, mtu huinuka kwa hiari yake, hucheza taratibu mpaka mbele, akamtunza mwimbaji kadiri ya moyo wake na mfuko wake. Hiyo ilikuwa njia ya kulipia isiyomwaibisha mtu. Haiwezi kulipia ukumbi wa hoteli na mafundi wa sauti, twajua, lakini waandalizi wa leo wangeweza kujifunza kutoka kwayo kwamba mtu humshukuru msanii kwa furaha akishaingia, ilhali mlangoni hutaka tu kujua anadaiwa nini.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kufanya kila kitu bure. Hatukubaliani nao. Kilicho bure leo hulipiwa na mfadhili, na mfadhili akichoka kesho hakuna kitu. Wengine watasema dawa ni kupandisha bei ya wageni ili wenyeji waingie bila malipo. Hilo lawezekana mahali penye wageni wengi, lakini katika mkutano kama ule, ambao mgeni mwenyewe ndiye mpigaji aliyetoka Japani na gitaa lake, ni kumtoza msanii mara mbili. Bei iwe kubwa au ndogo, waandalizi ndio wanaojua hesabu zao. Ugomvi wetu ni na bei isiyojulikana, kwa sababu hiyo humfukuza maskini kwanza. Mwenye fedha akikuta bei imegeuka hutoa nyingine mfukoni na kuingia akilalamika. Mwenye fedha za hesabu, aliyepima nauli na chakula cha watoto, hana la kufanya ila kurudi.

Basi twawaelekea wakuu wanaohusika na utamaduni na utalii katika visiwa vyetu. Hakuna tamasha linalofanywa hadharani bila kibali. Twashauri kwamba kibali kisitolewe mpaka mwombaji amewasilisha tangazo lake lenye bei zote: ya siku moja na ya siku zote, ya mwenyeji na ya mgeni, ya mtoto na umri wake, ya chakula ikiwa chakula ni mbali. Tangazo hilo liwe kwa Kiswahili kilicho wazi, na libandikwe mlangoni kwa maandishi yanayosomeka kutoka mwisho wa foleni. Jina la kila msanii aliye katika ratiba liwe mezani kabla ya kufunguliwa mlango, na ijulikane amekuja na watu wangapi bila malipo, hata kama ni mmoja tu wa kumbebea chombo. Mezani akae mtu mzima mmoja mwenye mamlaka ya kusema "ingia, tutazungumza baadaye". Vijana watatu wa Hawaii walikuwa na adabu na bidii. Walichokosa ni mtu wa namna hiyo.

Kuhusu nani mwenyeji, twaona kwamba wakuu wasiikimbie kazi hiyo na kuwaachia mabinti wa mezani. Mkaazi ana kitambulisho chake. Mtoto, au mkongwe aliyepoteza karatasi, aweza kujulishwa na sheha wake. Na kwa aliyezaliwa hapa akaishi ng'ambo, hati yake ya kusafiria huandikwa mahali alipozaliwa. Ni mstari mmoja tu, na kuusoma hakuchukui muda mrefu kuliko kuhesabu chenji. Ikiwa serikali itaona kwamba mtu huyo alipe kama mgeni, basi iseme hivyo waziwazi, na kila mtu ajue; lakini isiwe leo mgeni na kesho mwenyeji kwa kutegemea nani amekaa mezani.

Imebaki habari ya mzee yule. Jumamosi usiku mwenyekiti wa mkutano aliulizia mpaka akaipata nyumba ya jamaa zake, akaenda mwenyewe kumtaka radhi. Jumapili asubuhi, saa nne, palikuwa na ubao mlangoni umeandikwa kwa chokaa bei zote, na chini yake maneno kwamba mtoto asiyetimiza miaka 12 haingii kwa fedha. Foleni ilikwenda haraka. Mzee alikuja na wale wale aliokuja nao jana. Mwenyekiti alitaka aingie bila kulipa, yeye akakataa. Aliusoma ubao mpaka mwisho, akatoa dola 40, akadai risiti, akaitia katika mfuko wa shati. Alipiga nyimbo tatu, na ya mwisho alirudishwa na watu aipige tena. Baadaye mhazini alimfuata na zile dola 40 katika bahasha, na mzee akamwambia azitunze kwa ajili ya mkutano ujao, ila amwandikie mapema ni za nini.